Yafaa Kumsifu Marehemu Aliyekuwa Fundi wa Bastola?



Jumapili moja, baada ya Misa ya pili, tulikaa na vijana wa parokia chini ya mwembe, tukawasimulia habari za mtu mmoja wa Ulaya, jina lake Károly Takács, aliyekuwa mshindani wa kupiga shabaha kwa bastola. Shabaha yetu sisi ilikuwa kuwafundisha kutokata tamaa. Vijana walifurahi sana. Wengine walinyosha mkono wa kushoto, wakafumba jicho moja, wakapiga kwa mdomo: pa! pa! pa!

Karibu nasi mama mmoja alikuwa akifagia baraza ya kanisa. Ni mjane, anayeisaidia parokia miaka mingi. Aliacha ufagio wake, akatukaribia, akasema kwa sauti ya chini: «Mwalimu, mwanangu alikufa kwa risasi. Leo unawasifia watoto hawa mtu wa bunduki? Hakuna marehemu wengine wa kukumbuka?»

Hatukuwa na jibu. Tulisema tu, «Pole, Mama,» na vijana wakatawanyika kimya. Lakini swali lile lilitufuata mpaka nyumbani, likakaa nasi siku nyingi. Leo twajaribu kulijibu, si kusudi tumshinde yule Mama, bali kwa kuwa swali lake ni la haki, tena latuhusu wote. Maana sisi wote huenda matangani. Sisi wote husimama mbele ya jeneza, tukasikia sifa, tukatoa sifa. Je, tunasifu nini?

MTU MWENYEWE

Kwanza sharti tumjue mtu tunayemsema.

Károly Takács alizaliwa mwaka 1910 katika Budapest, mji mkuu wa Hungaria. Akawa askari, akafika cheo cha sajini, na mkono wake wa kuume ukajulikana kwa kupiga shabaha. Mwaka 1936 michezo ya Olimpiki ilifanyika katika mji wa Berlin. Takács hakupelekwa. Sababu haikuwa mkono wake, ilikuwa cheo chake: siku zile jeshi la Hungaria lilipeleka maofisa tu, naye sajini si ofisa. Baada ya michezo ile katazo hilo likaondolewa. Basi akaanza kuitumainia michezo iliyopangwa kufanyika mwaka 1940.

Mwaka 1938, katika mazoezi ya jeshi, bomu la mkono lenye kasoro lililipuka mkononi mwake. Mkono ulioharibika ni ule wa kuume, mkono wa kazi yake. Akalazwa hospitali mwezi mmoja.

Ndugu msomaji, simama hapa kidogo. Mfikirie seremala asiyeweza tena kushika randa, au mama mshoni ambaye vidole vyake havifungi tena sindano. Mtu huyu alikuwa na miaka 28. Jana mlango ulikuwa umefungwa kwa sababu ya cheo, na mkono ulikuwa mzima. Leo mlango umefunguliwa, na mkono umekwenda. Watu wengi wangesema: Mungu hapendi. Wangekaa kizingitini na kuhesabu hasara yao mpaka kufa.

Yeye alipotoka hospitali alianza kujifunza kwa mkono wa kushoto. Alijifunza faraghani, bila kuwatangazia watu. Katika mwaka 1939, kipupwe cha Ulaya kilipokwisha, walikutana wapiga shabaha wa nchi nzima ya Hungaria kwa mashindano yao. Wenzake walipomwona walidhani amekuja kutazama, wakamwendea mmoja mmoja kumpa pole ya mkono wake. Kumbe hakuja kutazama. Alikuja kushindana nao kwa mkono uliobaki. Akawashinda wote. Mwaka ule ule alikuwa katika kundi la Hungaria lililoshinda mashindano ya dunia.

Halafu vita vikaja. Michezo ya mwaka 1940 haikufanywa, wala ya mwaka 1944. Angeweza kusema: sasa imetosha, nimengoja vya kutosha. Lakini mwaka 1948, michezo ilipofanyika London, Takács alikuwako, mtu wa miaka 38. Husimuliwa kwamba mshindani wa Argentina, Carlos Díaz Sáenz Valiente, aliyekuwa bingwa wa dunia, alimwuliza amekuja kufanya nini, naye akajibu kwamba amekuja kujifunza. Mashindano yalipokwisha, Takács alikuwa wa kwanza kwa alama 580, na hakuna aliyewahi kufika hapo kabla yake. Yule wa Argentina alikuwa wa pili. Wasema kwamba akamgeukia akamwambia amekwisha jifunza vya kutosha.

Mwaka 1952, katika mji wa Helsinki, alishinda tena, akiwa na miaka 42. Mwaka 1956, Melbourne, alikuwa wa nane. Mwisho akawa mwalimu wa wapiga shabaha. Jeshini alitoka na cheo cha luteni kanali, yeye aliyekataliwa zamani kwa kuwa sajini. Alifariki katika Budapest tarehe 5 Januari 1976, na mpaka leo wapiga shabaha wa nchi nyingi humtaja kwa heshima.

Hizo ndizo habari zake. Sasa turudi kwa swali la Mama.

BASTOLA HAIWI JEMBE

Watu wengine wangemjibu upesi: «Mama, hii ni michezo tu. Wanapiga karatasi, hawapigi mtu.» Neno hilo lina ukweli ndani yake, na yafaa kueleza ukweli wenyewe.

Katika mashindano aliyoshinda Takács, mshindani husimama peke yake mahali pake. Mbele yake, mwendo wa mita 25, kuna shabaha tano zimesimama mstari mmoja. Shabaha huonekana kwa muda mfupi, naye sharti azipige zote tano, kila moja risasi moja. Mara ya kwanza hupewa sekunde nane, halafu sita, halafu nne. Hupiga risasi 60 kwa jumla, na kila risasi yaweza kumpa alama kumi, basi alama zote ni 600. Mkono ni mmoja tu, umenyoshwa, hauegemei kitu. Akiogopa, mkono watetemeka. Akikasirika, kidole chavuta kwa nguvu na risasi yaenda pembeni. Akijivuna kwa sababu ya risasi iliyopita, hii inayofuata yampotea. Mkono ukisogea upana wa unywele, kule mbali kosa limekwisha kuwa kubwa.

Tena kuna sheria. Katika uwanja wa shabaha hakuna anayetia risasi kabla ya kuamriwa. Hakuna anayeelekeza mdomo wa bastola mahali pengine ila mbele, palipo shabaha. Msimamizi akisema «acheni», wote huacha, hata bingwa wa dunia. Na hii ni tofauti kubwa na bunduki tulizoziona sisi njiani na vijijini mwetu tangu mwaka 1996. Zile hazikumtii msimamizi yeyote. Yule aliyezishika ndiye aliyejifanya sheria.

Hayo ni kweli. Lakini tusimwambie Mama kwamba bastola ni kitu kidogo. Nabii Isaya aliona siku ambapo mataifa watafua panga zao kuwa majembe. Bastola ya mashindano haijawa jembe bado. Ni chombo kilichozaliwa kwa ajili ya vita, kikafungwa kamba ya sheria, kikachezewa. Na Takács mwenyewe alikuwa askari. Aliyelia kwa sababu ya risasi ana haki ya kutopenda hata mlio wake, na mtu asimcheke wala asimwite mshamba. Moyo wake umetangulia kuona alichokiona Isaya.

Basi jibu la «ni michezo tu» halitoshi. Sharti tuchimbe zaidi.

UFUNDI SI WEMA

Mtakatifu Tomaso wa Akwino atusaidie. Yeye alitenga mambo mawili ambayo sisi huyachanganya kila siku: ufundi na fadhila. Ufundi, asema mwalimu huyo, humwezesha mtu kufanya kazi iwe njema. Fadhila humfanya mtu mwenyewe awe mwema. Fundi wa nyumba akijenga ukuta ulionyoka, twasema ni fundi hodari, hata kama anampiga mkewe. Ukuta haumwulizi habari za nyumbani kwake. Mwimbaji mwenye sauti tamu ni mwimbaji mzuri hata akiwa mwongo. Ufundi wahitaji kitu kingine juu yake, kitakachouongoza utumike vema. Kitu hicho ndicho fadhila.

Biblia ina mfano wa jambo hili hili, tena wa watu wa mkono wa kushoto. Katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 20, twasoma juu ya watu 700 wa kabila la Benyamini, wateule, wote mashoto, ambao kila mmoja aliweza kulenga unywele kwa jiwe la kombeo asiukose. Ufundi gani kupita huo! Lakini walikuwa wakipigania nini? Watu waovu wa mji wa Gibea walikuwa wamemtendea mwanamke mmoja unyama mpaka akafa. Makabila mengine yakadai watu wale watolewe. Wabenyamini wakakataa, wakachagua kuwalinda ndugu zao waovu kwa sababu ni ndugu. Mikono ile isiyokosa unywele iliikosa haki iliyo kubwa kama mlima. Mwisho kabila lote likaangamizwa, wakabaki wanaume 600 tu waliokimbilia jangwani.

Hapa lugha yetu yafundisha vizuri. Aliyerusha jiwe likapita pembeni, twasema amekosa. Aliyemtenda jirani yake vibaya, twasema vilevile amekosa. Neno ni moja. Tulipokuwa seminarini tulijifunza kwamba Waebrania nao walisema hivyo: neno walilolitumia kwa wale mashoto wasiokosa unywele ni lile lile walilolitumia kwa dhambi. Na neno la Kigiriki la Agano Jipya lifanyalo kazi hiyo lina maana ile ile, kupita pembeni mwa shabaha. Kwa hiyo twaweza kusema: mtu aweza kuwa hakosi hata mara moja uwanjani, na huku anakosa kila siku nyumbani.

Basi Mama alikuwa na haki katika jambo moja kubwa. Kama sisi tunamsifu Takács kwa kuwa alilenga vizuri, au kwa medali mbili za dhahabu, hatujamsifu mtu bado. Tumesifu mkono. Na mkono hodari waweza kuwa wa Wabenyamini. Vijana wetu wamekwisha kuona mikono hodari ya namna hiyo, na wengine waliifuata porini.

BASI, TUSIFU NINI?

Twaona mambo matatu katika maisha ya marehemu huyu ambayo si ya bastola, ingawa yalionekana kwa njia ya bastola.

La kwanza ni nguvu ya moyo. Katika katekismu twajifunza fadhila kuu nne: busara, haki, nguvu, na kiasi. Watu wengi hudhani nguvu ni kushambulia. Mtakatifu Tomaso asema kinyume: tendo lililo kuu katika fadhila ya nguvu ni kustahimili, ni kusimama imara katika jambo gumu, kuliko kushambulia. Anayeshambulia hujiona mwenye nguvu, na shida bado iko mbele yake. Anayestahimili, shida imekwisha mpanda mabegani, na muda ni mrefu. Sasa tazama ajabu hii: mtu aliyeshika chombo cha kushambulia anakumbukwa kwa sababu ya kustahimili. Ingekuwa ni kulenga tu, wako wengi waliolenga vizuri, na majina yao hatuyajui. Watu humkumbuka yule kwa mwezi wa hospitali, na miezi iliyofuata, na miaka ya vita aliyongoja.

Wazee walisema: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Koleo la Takács lilikuwa mwili wake mwenyewe.

La pili ni unyenyekevu wa kuanza tena chini. Wengi wetu tungependa kuanza upya, mradi tuanzie pale tulipokuwa. Yeye alikuwa bingwa kwa mkono wa kuume. Kwa mkono wa kushoto alikuwa mtoto. Fikirini mtu mzima anayejifunza kuandika kwa mkono mwingine: herufi zake ni za mtoto wa darasa la kwanza, naye anaona haya. Na kwetu haya hiyo ni mara mbili, maana mkono wa kushoto hatuuheshimu. Hatumpi mgeni kitu kwa mkono wa kushoto. Hatuli bugali kwa mkono wa kushoto. Watoto wengi mashoto walichapwa shuleni mpaka wabadili. Lakini mkono ule uliodharauliwa ndio uliobeba kazi mkono mwenye heshima uliposhindwa. Tukumbuke jambo hili tunapowatazama watu: katika nyumba nyingi yule mtoto aliyekuwa wa mwisho, yule binti ambaye hakupelekwa shule, ndiye anayewalisha wazazi leo.

Tena alifanya hayo kimya. Hakuwaita watu waone anavyoteseka. Bwana Yezu alifundisha juu ya sadaka kwamba mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume. Hapa mkono wa kushoto ulifanya kazi yake bila mtu kujua, mpaka kazi ilipokomaa.

La tatu, na kwetu ni kubwa kuliko yote, ni ualimu wake. Kule Helsinki mwaka 1952 aliyekuwa wa pili alikuwa kijana wa nchi yake, Szilárd Kun. Takács alipata alama 579, Kun alipata 578. Na ni Takács aliyemfundisha. Hesabu vizuri: mwalimu alimpa mwanafunzi wake karibu kila kitu, mpaka ikabaki alama moja katika 600. Angeweza kuficha. Angeweza kumwonyesha nusu ya njia, kama wafanyavyo mafundi wengine wanaoogopa kwamba mwanafunzi atawachukulia wateja. Kwetu fundi wengi hufa na dawa zao, na vyuma vyao, na siri zao. Kaburini siri haimsaidii mtu.

Kustahimili, kuanza chini bila kuona haya, na kuwapa wengine ulichonacho: hayo matatu si ufundi. Hayo ni njia ya fadhila. Seremala ayatwae, mama wa nyumbani ayatwae, mgonjwa kitandani ayatwae. Hata yeye ambaye hatagusa bastola milele ayatwae. Mtume Paulo naye aliwaandikia Wakorinto juu ya wakimbiaji na wapigana ngumi. Ngumi nayo huumiza watu, lakini Paulo hakuona aibu kuokota mafundisho uwanjani. Aliokota mafundisho, akaacha ngumi pale pale.

NENO KWA WANAOSIFU

Hata hivyo, kuna makosa mawili katika kumkumbuka mtu wa namna hii, na sisi tulianguka katika la kwanza.

Kosa la kwanza ni kugeuza habari yake kuwa fimbo. Twamwambia kilema: «Mbona Takács aliweza?» Twamwambia mwenye huzuni: «Jikaze, wengine walipatwa na makubwa.» Hii si sifa kwa marehemu, ni ukatili kwa aliye hai. Takács alikuwa na nia, ndiyo. Lakini alikuwa pia na hospitali iliyompokea mwezi mzima. Alikuwa na mkono wa pili, mzima. Alipotoka, kazi yake na uwanja wa shabaha vilikuwapo bado. Kwetu wako watu waliopoteza mkono na hospitali iko mwendo wa siku mbili kwa miguu. Wako waliopoteza mikono yote miwili, au nyumba, shamba na watoto kwa siku moja. Kusimama kwao asubuhi na kuwasha moto ni ushindi mkubwa ambao hakuna anayeuhesabia alama. Habari ya mtu shujaa ni taa ya kumulikia njia. Tusimpige nayo mtu kichwani.

Kosa la pili ni kumtangaza marehemu kuwa mtakatifu. Mmezisikia hotuba za matangani. Mtu aliyekuwa na madeni na magomvi, akifa huwa malaika, hata mke wake anashangaa kusikia habari za mume asiyemjua. Twadhani tunamheshimu. Kwa kweli tunamnyima msaada, kwa sababu malaika hahitaji kuombewa. Kitabu cha pili cha Wamakabayo, sura ya 12, chatuonyesha njia iliyo bora. Baada ya vita, Yuda Makabayo alikwenda na watu wake kuwazika askari wao walioanguka. Wakakuta ndani ya mavazi ya wafu wale hirizi za miungu ya uongo. Yuda hakuificha hirizi. Hakusema: hawa walikuwa mashujaa, tufunike. Wala hakuwatupa. Wakamwomba Mungu dhambi ile ifutwe, naye akachanga fedha, drakma elfu mbili, akazipeleka Yerusalemu kusudi sadaka itolewe kwa ajili yao.

Tazameni, wale nao walikuwa watu wa silaha. Yuda aliwapa heshima ya maziko, akasema ukweli juu ya kosa lao, akawaombea. Mambo matatu kwa pamoja. Hiyo ndiyo desturi ya Mkristu mbele ya kila mfu: heshima, ukweli, na sala. Heshima bila ukweli ni kujipendekeza. Ukweli bila heshima ni matusi. Na vyote viwili bila sala ni maneno ya dunia tu, yanaishia pale udongo unapofunikwa.

Kwa hiyo tunamkumbuka Károly Takács hivi. Alikuwa fundi mkubwa wa chombo ambacho sisi tungependa kisiwepo. Alitumia ufundi huo uwanjani, chini ya sheria, akishindana na wenzake. Alipovunjika alistahimili, akaanza tena kama mtoto, akawafundisha wengine. Mengine ya moyo wake yako kwa Mungu, ambaye peke yake huona penye shabaha ya kila maisha na kujua nani amekosa na kwa kiasi gani. Tunaomba amrehemu, naye na wote waliokufa wakiwa na silaha mkononi, na zaidi sana wote waliokufa bila silaha mbele ya mwenye silaha.

KWA YULE MAMA

Baada ya kuyatafakari hayo tulikwenda nyumbani kwa yule Mama, jioni moja, tukaketi mlangoni pake. Tulimwomba kwanza radhi. Maana tulipoitazama vema siku ile chini ya mwembe, tuliona tulivyokosa. Tulianza habari na medali. Tulisimulia London na Helsinki kwa sauti kubwa, na hospitali tuliipita kwa neno moja. Hii ndiyo sababu vijana walisikia bastola tu, wakapiga pa! pa! pa! Hawakuwa na hatia. Sisi walimu ndio tuliowalengesha vibaya.

Mama alinyamaza kitambo. Akatuambia habari za mwanawe, ambazo hatutaziandika hapa kwa kuwa ni zake. Tulisikia kwa mara ya kwanza kwamba kijana yule alikuwa akijifunza useremala, na kwamba randa yake iko bado nyumbani, Mama huipaka mafuta isishikwe na kutu. Tukamwuliza kama angependa tumtaje kijana wake katika nia za Misa. Akasema ndiyo.

Tulipoinuka kwenda, akasema: «Bunduki siipendi, Mwalimu, na sitaipenda. Lakini ukiwasimulia tena watoto habari za yule mtu, anzia hospitali.»

Tulifanya hivyo. Jumapili iliyofuata tuliwakusanya vijana tena pale pale, tukaanzia hospitali. Hakuna aliyefumba jicho wala kunyosha mkono. Mmoja wao aliuliza swali ambalo hatukulitazamia: je, yuko mtu hapa parokiani anayeweza kuwafundisha useremala?